Moshi Uliotoka Ardhini: Tarehe ya Mji wa Nicodemus

Mwishoni mwa mwezi wa Julai, kila mwaka, katika mbuga za maghribi ya jimbo la Kansas nchini Marekani, kijiji ambacho wakazi wake wa daima hawafiki thelathini hupokea mamia ya wageni ambao kwa hakika si wageni, bali ni vitukuu na vilembwe vya watu waliofika mahali hapo kwa miguu katika mwaka 1877; nao huja kutoka Denver, Topeka, Kansas City na miji mingine ya mbali, wakaandamana, wakala, wakaimba na kuulizana habari za jamaa katika njia ambazo kwa masiku mengine ya mwaka hupitiwa na upepo mara nyingi zaidi kuliko zinavyopitiwa na watu. Jina la kijiji hicho ni Nicodemus. Mwaka 2027 ndio wa kutimia miaka 150 tangu kuasisiwa kwake, na jubilei za namna hii zikikaribia huzuka maneno mengi ya kusifu, ambayo aghalabu huyataja majina ya wanaume watatu au wanne waliopata vyeo, kisha hunyamaza.

Mashahidi wangu katika makala haya ni wanawake wawili. Wa kwanza ni Willianna Hickman, mke wa kasisi, ambaye kumbukumbu zake za safari ya mwaka 1878 zilichapwa na gazeti moja la Topeka katika mwaka 1937, yeye akiwa ajuza na wengi wa wenzake wakiwa wamekwisha fukiwa. Wa pili ni Lulu Sadler Craig, mwalimu wa shule, aliyefika Nicodemus akiwa mtoto na baadaye akajitwika kazi ambayo hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa: kuandika ni nani alikuja, alitoka wapi, alichimba kisima wapi, alioa kwa nani na alizikwa lini. Wanavyuoni waliokuja nyuma na kuandika vitabu vyenye majalada mazuri wengi wao walichota katika daftari za bibi huyu. Msomaji akiniona naegemea upande wa mashahidi hawa, basi ajue kwamba nimekusudia.

Mwanzo wa kisa unajulikana, wala hauhitaji maneno mengi. Utumwa ulikomeshwa nchini Marekani mwaka 1865. Miaka kumi na miwili ya kujaribu kuwatia watumwa wa jana katika haki za raia ilifikia ukomo mwaka 1877, majeshi ya serikali yalipoacha kuzilinda serikali za majimbo ya kusini na wenye mashamba wakarejea katika mamlaka yao. Na sheria ya mwaka 1862 ilikuwa inampa mtu yeyote, mweupe au mweusi, ekari 160 za ardhi ya serikali, ilimradi alipe ada, ajenge, alime na akae juu yake miaka mitano. Kansas ilikuwa na sifa ya peke yake machoni pa watu weusi, maana ilikuwa ndiyo nchi ambako John Brown, yule mpinzani mkali wa utumwa, alichukua silaha dhidi yake. Mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu mwingine, akisikia ya kwamba iko nchi ambako yeye mwenyewe aweza kumiliki mali isiyohamishika, hasubiri kuelezwa mara mbili.

Katika mwezi wa Aprili 1877 liliundwa shirika la mji. Rais wake alikuwa kasisi mweusi, W. H. Smith, na mweka hazina wake alikuwa mzungu kutoka Indiana, W. R. Hill, mjuzi wa biashara ya viwanja na hodari wa maneno. Waliosalia walikuwa watu weusi. Bwana Hill alikwenda Kentucky, akasimama katika makanisa ya weusi karibu na Lexington na Georgetown, akaisifu nchi ya Kansas kwa ulimi uliopakwa asali: udongo wa rutuba, maji, wanyama wa kuwinda, hata farasi wa mwituni wanaongoja kufugwa. Pamoja na maneno hayo zilitembezwa karatasi. Mojawapo ya matangazo yaliyobandikwa Lexington liliwaarifu watu weusi wote waliotaka kwenda Kansas kwamba tarehe 5 Septemba 1877 wangeweza kufanya hivyo kwa dola tano. Dola tano! Kwa karatasi hiyo watu waliuza vyombo, wakaacha wazee wao, wakafunga mizigo.

Kuhusu jina lenyewe kuna mabishano ambayo hayajakwisha mpaka leo. Wako wanaosema ni yule Nikodemo wa Injili, Farisayo aliyemwendea Yesu usiku akiuliza mtu mzima awezaje kuzaliwa mara ya pili, na kwa hakika swali hilo lingewafaa sana watu waliokuwa wakijaribu jambo lilo hilo. Wako wengine, nao wana hoja yenye nguvu zaidi, wanaosema ni mtumwa wa hadithi za kale aliyefika Marekani katika jahazi la watumwa na hatimaye akajinunulia uhuru wake mwenyewe. Na tena ulikuwako wimbo uliotungwa mwaka 1864 kuhusu mtumwa mwenye jina hilo, uliokuwa midomoni mwa watu wengi siku zile. Mimi nauelekea upande wa mtumwa, ingawa sioni ubaya mji mmoja kuwa na mababu wawili.

Kundi kubwa, la watu kiasi cha mia tatu na zaidi, liliondoka Kentucky kwa gari moshi mwezi wa Septemba, likashuka katika stesheni ya Ellis, na kutoka hapo likatembea kilomita 56 hivi katika uwanda usio na njia wala mti. Hadhari zao zote zilikuwa juu ya wazungu wabaya na wanyama wakali. Hakuna aliyetahadhari juu ya utupu. Walipofika hawakuona mji. Waliona nyasi hadi upeo wa macho, mto mwembamba wa Solomon wenye miti michache kandokando yake, na watu wachache waliotangulia, miongoni mwao kasisi Simon Roundtree na mkwe wa kasisi Smith, Zachary Fletcher, pamoja na mkewe Jenny, wakiishi chini ya ardhi kama sungura. Mbuga ile haikuwa na mbao za kujengea, na kwa hiyo mtu alichimba ubavu wa kilima, akatanda juu yake fito, majani na mabonge ya udongo yaliyoshikamana kwa mizizi ya nyasi, akaweka dohani ndogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba.

Ghadhabu ilikuwa kubwa, na ya haki. Masimulizi ya wazee husema kwamba walikuwako waliotaka kumtundika Bwana Hill kwa kamba, naye akaponea chupuchupu kwa kujificha. Familia kiasi cha sitini ziligeuka nyuma mara moja. Wale waliobaki wengine walibaki kwa kuwa hawakuwa tena na nauli, na hili lazima lisemwe, kwa sababu watungaji wa hotuba za jubilei hupenda kuwafanya wote mashujaa waliochagua dhiki kwa hiari yao. Bwana Hill aliishi salama, akastawi, na makao makuu ya wilaya ile yanaitwa Hill City hata hii leo. Insafu ya tarehe ina njia zake.

Kipupwe cha kwanza kiliwakuta hawana akiba ya chakula. Walikuja wakiwa wamechelewa mno kupanda, hawana plau wala wanyama wa kukokota, na wanaume wenye nguvu wakalazimika kwenda mbali kutafuta vibarua katika reli na mashambani, wakiwaacha wanawake na watoto katika nyumba za shimo. Waliobaki waliokota mifupa ya nyati iliyotapakaa mbugani, mabaki ya mauaji makubwa ya wanyama wale yaliyokuwa yamefanywa na wawindaji wa biashara katika miaka iliyotangulia, wakaiuza kwa tani ili isagwe kuwa mbolea. Mwezi wa Oktoba, katika shimo mojawapo, Emma Williams alijifungua mtoto mwanamume aliyeitwa Henry, naye ndiye mzaliwa wa kwanza wa Nicodemus.

Kilichowavusha watu wale katika baridi ile hakikutoka katika shirika la mji. Kundi la Waosage, wakaazi wa asili wa bara lile, walipita wakirejea kutoka mawindoni, wakaona hali ya watu waliokuwa chini ya ardhi, wakawagawia nyama. Waosage walikuwa wamekwisha kuondolewa Kansas miaka michache tu kabla ya hapo, ardhi yao ikauzwa, wenyewe wakasukumwa kusini katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Na hao walionyang'anywa ndio waliowalisha hao walioahidiwa. Kila mara nikisoma kisa hiki hujiuliza pande mbili zile zilizungumza kwa lugha gani, na nani alitangulia kunyoosha mkono.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1878 lilifika kundi jingine kutoka Georgetown, likiongozwa na kasisi Daniel Hickman, na hapa ndipo shahidi wangu wa kwanza anapoingia. Willianna Hickman alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, ana watoto sita. Walipofika Ellis walikaa katika mahema, na surua ikawaangukia; baadhi ya watoto wa msafara walikufa, wakazikwa katika mji ambao wazazi wao hawakukusudia kuishi. Msafara ulipoendelea ulifuata nyayo za paa na nyati, kwa kuwa barabara haikuwako. Usiku wanaume waliwasha mioto, wakaketi kando yake wakifyatua bunduki ili kufukuza wanyama.

Ndipo wakafika. Watu waliokuwa mbele walipiga kelele za furaha kwamba Nicodemus ndiyo hii, na Willianna, ambaye alikuwa mgonjwa na mchovu, akainua macho yake kutazama, asione kitu. Akamwuliza mumewe mji uko wapi. Mume akamwonyesha kwa kidole moshi uliokuwa ukipanda hapa na pale kutoka ardhini, akamwambia ya kuwa ule ndio mji. Kwa maneno yake mwenyewe ya uzeeni, yaliyonyooka na yasiyo na pambo, anaeleza kwamba mandhari yale hayakumvutia hata chembe, na kwamba alianza kulia.

Nimewahi kusoma hotuba nyingi juu ya Nicodemus, na zote zimekinukuu kilio hicho, kisha zikaishia hapo kana kwamba bibi yule bado amesimama mbugani analia. Hakusimama. Familia ya Hickman ilikwenda maili kumi na nne mbele zaidi, upande wa maghribi, ikachimba shimo lake, ikajipatia shamba lake kwa mujibu wa sheria, na ikakaa huko kadiri ya miaka ishirini. Kwa kadiri niijuavyo mimi habari ya nyumba za mashambani, kulia kwa jioni moja na kufanya kazi kwa miaka ishirini ni vitu viwili visivyopingana.

Wakati huo Jenny Fletcher alikuwa akifundisha watoto. Shule ya kwanza ilikuwa katika shimo lake, vitabu vilikuwa vile vilivyopatikana katika mizigo ya watu, na wanafunzi walikuwa watoto wa wazazi ambao wengi wao, katika majimbo walikotoka, waliharimishiwa kujua kusoma. Yeye na mumewe Zachary walikuwa pia watu wa posta. Hoteli yao, iliyoitwa St. Francis, na banda la farasi wa kukodi, zilifungua mlango wa biashara katika mji. Bwana Zachary hutajwa katika kila orodha kama mfanyabiashara wa kwanza na bwana posta wa kwanza. Bibi Jenny hutajwa kama mkewe. Mtu aliyepokea barua, akazisoma kwa wasiojua kusoma, akawaandikia majibu, kisha akawafundisha watoto wao ili siku za usoni wajisomee wenyewe, alikuwa anashika roho ya mji ule mkononi mwake.

Mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliotoka Nicodemus alikuwa Edward P. McCabe, kijana aliyezaliwa Troy, New York, mwaka 1850, akafika mwaka 1878 pamoja na sahibu yake Abram T. Hall, wote wawili wakiwa wenye elimu na kalamu, wakafungua ofisi ya kupima na kuandikisha mashamba. Wilaya ya Graham, ile yenye Nicodemus, ilipoanza utawala wake mwaka 1880, McCabe akawa karani wake. Na katika mwaka 1882 wapigakura wa Kansas nzima, wengi wao weupe, wakamchagua kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za jimbo, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika cheo cha jimbo zima huko Kansas. Wakamrudisha tena mwaka 1884. Baada ya hapo chama chake kilimwacha, naye akaelekea Oklahoma, akawa mwasisi wa mji wa Langston katika mwaka 1890, akaota ndoto ya jimbo zima la watu weusi, ndoto ambayo haikutimia. Alifariki Chicago mwaka 1920, akazikwa Topeka. Ni maisha makubwa, lakini ukihesabu miaka, Nicodemus yenyewe aliishi muda mchache tu, na aliowachagulia mashamba walibaki nyuma wakiyalima.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 nyumba za mawe ya chokaa zilikuwa zimeanza kuinuka mahali pa mashimo. Palikuwa na maduka, makanisa, hoteli, benki, shule, chama cha kusoma na kujadili, na magazeti mawili: Western Cyclone, lililoanza mwaka 1886, na Nicodemus Enterprise, lililofuata mwaka 1887. Mji mdogo wenye magazeti mawili ni mji wenye ghururi kidogo, na ghururi hiyo ilikuwa na sababu. Reli ilikuwa inakuja.

Katika nchi zile za mbuga wakati ule reli ilikuwa ni kadari. Mkulima aliyekuwa karibu na stesheni aliuza ngano yake. Mkulima aliyekuwa mbali alilisha ng'ombe wake faida yote wakati wa kuisafirisha. Makampuni ya reli yalilijua hili vizuri mno, na kwa hiyo hayakupita mahali bure: yaliutazama mji, yakautajia bei, yakautazama mji wa jirani, yakautajia nao bei, kisha yakakaa kusubiri miji hiyo ishindane kwa husuda na hofu. Magazeti mawili ya Nicodemus, ambayo hayakupatana kwa mengi, yalipatana kwa hili, kila moja likiwahimiza wasomaji wake waione neema inayokuja na wasiiache iwapite. Wahariri wa magazeti hayo walikuwa wazungu, na ni haki kusema kwamba walikuwa na viwanja vya kuuza kama walivyokuwa na habari za kuchapa. Lakini pia wenyeji wenyewe walilitaka jambo hili kwa moyo wao wote.

Basi mwezi wa Machi 1887 wapigakura wa tarafa waliitwa waamue kama watoe hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Fikiri ni watu gani hao. Miaka kumi nyuma walikuwa wakiokota mifupa. Mashamba yao mengi ndiyo kwanza yamepata hati kamili, na sasa waliombwa wajifunge wenyewe na watoto wao kwa deni la dola 16,000 kwa ajili ya kampuni tajiri. Walikubali. Ilikuwa karatasi ya pili katika tarehe ya mji ule, na safari hii walioitia sahihi walikuwa wao wenyewe.

Ajabu ya mambo, deni lile halikuwaua, kwa kuwa kampuni na mji hawakupatana juu ya masharti ya malipo, na Missouri Pacific ikajiondoa. Miezi ilipita katika tetesi. Leo ilisemwa wapimaji wameonekana kaskazini, kesho ilisemwa kampuni nyingine imeonyesha shauku. Kisha mwaka 1888 Union Pacific ikaja kweli, ikatandika vyuma vyake upande wa kusini wa mto Solomon, mwendo wa maili chache tu kutoka Nicodemus, ikapiga kambi ng'ambo, na kambi ile ikageuka kuwa mji unaoitwa Bogue. Mto Solomon si mto Nile. Mtoto huuvuka wakati wa kiangazi. Lakini ulitosha.

Wenye maduka ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka. Hawakuondoka na bidhaa tu, bali baadhi yao waliyapakia majengo yao yenyewe juu ya magurudumu, wakayakokota kwa farasi kuvuka mto. Wengi kati ya watu walioshuhudia mambo yale hawakuwa wamewahi kuona nyumba inatembea, na ukiyasoma masimulizi yaliyokusanywa na Bibi Craig utahisi kwamba jambo hilo liliwauma kuliko kupotea kwa biashara yenyewe: kwamba mtu ambaye jana alikuwa jirani yako leo amekunyang'anya hata kivuli cha ukuta wake. Magazeti yaliendelea kwa muda kuwasihi watu wabaki, hata sauti zao zikakatika, nayo yakafa. Waliobaki walikuwa wakulima, na makanisa, na shule.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoandika kwamba reli iliua Nicodemus. Reli iliua soko la Nicodemus. Wakulima waliobaki waliendelea kulima ngano na mahindi kwa miongo mingi, wakauza huko huko Bogue, wakanunua huko huko Bogue, kisha jioni wakarudi nyumbani. Bogue iliyoshinda ugomvi ule, kwa taarifa ya msomaji, nayo siku hizi haifiki watu mia mbili.

Waliobaki walijenga. Kanisa la mawe la Wabatisti lilikamilika mwaka 1907. Jengo la shule ambalo lipo mpaka sasa ni la mwaka 1918. Sikukuu ya kila mwaka ilishika mizizi: iliadhimisha tarehe 1 Agosti, siku ambayo utumwa ulikomeshwa rasmi katika visiwa vya Karibiani vilivyotawaliwa na Uingereza mwaka 1834, kwa hiyo watu wa mbuga zisizo na bahari walikuwa wakisherehekea uhuru wa watu wa visiwani. Palikuwa na mpira, nyama, hotuba na ngoma hadi alfajiri.

Kisha likaja balaa la miaka ya 1930, ukame na dhoruba za vumbi zilizoibeba ardhi yenyewe angani, likichanganyika na anguko la uchumi wa ulimwengu. Vijana waliondoka. Serikali kuu ilijenga ukumbi wa tarafa mwaka 1939 katika mpango wake wa kuwapa kazi wasio na kazi, jengo zuri la mawe kwa mji uliokuwa unatoweka mbele yake. Mwaka 1950 wakazi walikuwa kumi na sita. Posta, ile ya Bibi Jenny, ilifungwa mwaka 1953.

Katika miaka hiyo ya upungufu alizaliwa mtu ambaye jina lake ndilo Wamarekani wa kawaida walilijua. Veryl Switzer, aliyezaliwa mwaka 1932, alikwenda chuo cha jimbo huko Manhattan, Kansas, akacheza kandanda ya Kimarekani kwa ustadi uliowafanya Green Bay Packers wamchague katika mwaka 1954 akiwa mchezaji wa nne katika orodha nzima ya nchi. Uchezaji wake wa kulipwa haukudumu. Kazi yake ya muda mrefu ilikuwa katika chuo chake cha zamani, akiwasaidia wanafunzi weusi na wengine waliokuwa wachache. Lakini hakuiachilia ardhi ya baba zake Nicodemus, naye alifariki mwaka 2022 shamba lile likiwa bado mkononi mwa ukoo wake. Hayo, katika wilaya ambamo wakulima weusi sasa wanahesabika kwa vidole, ni habari kubwa kuliko alama zote alizozipata uwanjani.

Serikali iliutambua mji huu kuwa alama ya tarehe ya taifa mwaka 1976, na mwezi wa Novemba 1996 ikaufanya eneo la hifadhi ya taifa. Majengo yanayotajwa katika hifadhi hiyo ni matano: kanisa la Kimethodisti la weusi (A.M.E.), kanisa la zamani la Wabatisti, hoteli ya St. Francis, shule na ukumbi wa tarafa. Tangazo hilo la 1996 halikuanguka kutoka mbinguni. Angela Bates, mzawa wa ukoo wa mahali hapo, alianzisha jumuiya ya kuhifadhi tarehe ya Nicodemus mwaka 1988, na bila ya kelele zake na za wenzake huenda mawe ya hoteli yangekuwa sasa ni msingi wa zizi la mtu. Ni jambo la kuhuzunisha, na nalisema bila ya kumumunya, kwamba taifa tajiri kuliko yote duniani lilihitaji miaka 119 na usumbufu wa wanawake wa kijiji ili kukubali kwa vitendo kwamba watu waliotoka utumwani na kujenga mji juu ya mbuga tupu walikuwa wamefanya jambo la kuhifadhiwa. Na hata baada ya kulikubali, fedha zake huja kwa matone. Wanafunzi wengi wa Kimarekani humaliza shule bila kulisikia jina hili, ilhali wanaijua kwa moyo hadithi ya kila mzungu aliyevuka mbuga kwa gari la turubai.

Barabara kuu nambari 24 hupita kando ya kijiji. Msafiri asiyepunguza mwendo hukimaliza kwa muda wa dakika moja, naye huona kanisa jeupe dogo, nyumba zilizotawanyika, ukumbi wa mawe, na baada ya hapo ngano tena. Lakini akipita katika zile siku za mwisho wa Julai atakuta magari yamejaa hadi majanini, watoto wanakimbizana kati ya mahema, wazee wamekaa vitini wakibishana ni nani alikuwa shangazi wa nani. Na kabla ya kuyaona hayo yote, akiwa bado mbali, ataona moshi wa nyama inayochomwa ukipanda hapa na pale juu ya mbuga.